Nukta Baada ya Umeme Kurudi

Daktari wa macho hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Aliweka kitochi chake mezani, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika programu za kompyuta. Akasema kama kuna kazi ninayotaka kuimaliza kwa macho yangu mwenyewe, niimalize. Kisukari kilikuwa kimeshaharibu mishipa ya nyuma ya macho yote mawili. Alinieleza mambo ya kula na ya dawa, nami nikaitikia kila neno, lakini hakuna mahali aliposema nitapona. Nilipotoka nje jua la Dodoma likanipiga usoni, nikamchukia yule daktari kwa moyo wangu wote, ingawa hakuwa amenikosea lolote.

Kazi ya kumaliza ilikuwepo. Ilikuwa moja tu.

Mimi sikuzaliwa kwenye kompyuta. Sisi ni watu wa mjini pale, wa mitaa ya nyuma ya soko, wajukuu wa waliokuja na misafara wakachoka kutembea wakafungua maduka. Baba aliuza vitambaa. Mimi nikawa karani wa shirika la umma, na nilikuwa karani mzuri, mpaka enzi za kuuza mashirika zilipofika na la kwetu likauzwa pamoja na viti vyake. Waliotununua walileta kompyuta na vijana wa kuziendesha. Nilipopunguzwa kazi nilisema moyoni, basi kama hiki kidude ndicho kilichonitoa, nitakijua mpaka kinitambue. Nikajifunza nikiwa na mvi tayari, nikikaa darasa moja na watoto wa rika la wanangu walioniamkia kila asubuhi kisha wakanicheka mchana kutwa.

Baadaye tukawa watatu kwenye chumba cha uani, mtaa wa Area D, tukiandika programu kwa yeyote aliyetaka. Mmoja alikuwa kijana wa kutafuta wateja, ambaye tulimwona kwa nadra. Wa pili alikuwa binti wa Kirangi, kwao Kondoa milimani, mdogo kwangu kwa miaka mingi na hodari kuliko mimi, na hilo nililikubali mapema ili nipate amani. Wa tatu mimi. Tulipata kazi ya mradi wa maji: programu ya kutunza habari za visima vya vijijini, kisima kipi kiko wapi, pampu yake ni ya aina gani, imeharibika lini, imetengenezwa na nani. Kipande changu kilikuwa cha kukisia. Kompyuta isome historia ya pampu, iseme hii itakufa karibuni, peleka fundi kabla wanawake hawajarudi kuchimba mchanga mtoni. Hakuna aliyeniagiza hicho. Nilijipa mwenyewe. Nilipokuwa karani nilitumwa vijijini mara kwa mara, na nilishaona foleni ya ndoo mbele ya pampu iliyokufa, watu wamekaa tu, hawaondoki, kama vile itaona haya iamke. Nilitaka niache nyuma yangu kitu cha kuondoa foleni ile moja. Macho yakifunga baada ya hapo, yafunge.

Sasa lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana ndipo nilipoangukia.

Kompyuta moja pale ofisini ilikuwa na kitu tulichokiita ghala. Kila mmoja wetu alikuwa na nakala ya kazi kwenye mashine yake, akibadilisha atakavyo. Ukiridhika, unaiingiza ghalani, na ghala linaandika jina lako na siku na maneno yako machache ya kueleza ulichofanya. Likishapokea halisahau. Hata ukiharibu mwaka unaofuata, unaweza kurudi ukachukua kama kilivyokuwa. Lakini ambacho hujaingiza, ghala halikijui. Hicho ni chako na Mungu wako.

Na ofisi yetu ilikuwa na desturi: anayeingiza kitu kibovu kikavunja kazi ya wenzake, ananunua chai na vitumbua vya wote. Ilikuwa utani tu. Mimi haukunichekesha. Tangu macho yaanze kuniponyoka nilikuwa nakosea herufi, nazidisha nafasi kati ya maneno, naacha mabano wazi, na nikiingiza makosa yale kila siku wangeanza kujiuliza huyu mzee ana nini. Sikutaka wajue. Nilishapunguzwa kazi mara moja maishani na niliiona sura ya mtu anayekupunguza kwa huruma. Halafu pia nimelelewa na mama ambaye hakufunua chungu mbele ya mgeni mpaka kiive. Ungeketi na njaa yako ukisikia harufu, kifuniko hakisogei. Kwa hiyo msimu wote wa mvua niliandika kipande changu cha kukisia ndani ya nakala yangu, nikigusa karibu mafaili yote ya programu, na ghalani sikuingiza hata mstari.

Mke wangu ndiye pekee aliyejua habari za macho. Alikuwa akinidondoshea maneno. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema siku moja akinitilia uji. Nikamwambia aangalie uji usimwagike.

Jambo lingine la kueleza ni njia. Faili limekaa ndani ya folda, folda ndani ya folda, mpaka juu kabisa. Ukitaka kuliambia ghala lishughulike na faili fulani, unaweza kuandika njia nzima kuanzia juu, au unaweza kuandika njia fupi inayoanzia pale uliposimama. Nilipoanza, mimi niliandika njia nzima daima, ukarani ule. Yule binti alikuwa akisimama nyuma yangu anacheka.

"Kaka, wewe unaandika kama mtu anayempeleka mgeni mpaka kitandani," aliniambia. "Ingia kwanza kwenye folda yenyewe. Ukishaingia, weka nukta. Nukta maana yake hapa nilipo."

"Na nikitaka kutoka?"

"Nukta mbili. Hapo unapanda ngazi moja. Muhimu ujue umesimama wapi, basi."

Nilizoea, na nilivyozidi kutoona nikazipenda hizo nukta. Njia ndefu ina herufi nyingi za kukosea. Nukta ni moja, na kidole changu kiliijua ilipo bila kutazama.

Kwenye kile kidirisha cheusi tunachoandikia amri, mwanzo wa kila mstari kompyuta hukuandikia upo folda gani. Ni adabu yake, inakutangazia ulipo kabla hujafungua mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimekuza herufi mpaka maneno machache tu yanajaza kioo, na tangazo lile lilikuwa linakula mstari mzima, amri yangu inasukumwa chini, napotea. Nikalifuta. Niliiambia kompyuta iniwekee alama moja tu mwanzoni, mkuki mdogo, niandike mbele yake. Mahali ulipo pakawa pa kushika kichwani. Nilijiona mjanja sana.

Mvua zilipokuwa zinaishia, mama yake yule binti aliugua, naye akaenda Kondoa kumuuguza. Kwao simu ilishika mahali pamoja tu, kwenye jiwe juu ya shamba la karanga la mjomba wake, na alikuwa akipanda asubuhi na mchana ili tuzungumze kazi. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana. Kipande changu kilikuwa kinakisia. Nilikijaribu kwa habari za pampu za vijiji vya upande wa Msalato ambazo tulishajua zilikufa lini, na kilizitaja, si zote, lakini kilizitaja. Niliketi peke yangu ofisini nikapiga meza kwa kiganja kama mtu anayecheza bao. Asubuhi moja nilimwambia kwamba mchana, akipanda tena, nitamwonyesha jambo. Alidhani namtania.

Kilichokuwa kinanikera kilikuwa folda ya ripoti. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimejaribu kubadilisha namna ripoti zinavyochapwa, nikaharibu. Nilitaka kuyatupa majaribio hayo, folda ile moja irudi kama ilivyo ghalani, halafu niingize kazi yangu yote ikiwa safi. Chungu kiive, kifuniko kiondoke. Asubuhi ile akanielekeza kwa simu, nikaingia folda ya ripoti, tukatazama nilichobadilisha, yaani mimi nilisoma kwa taabu na yeye akakisia maneno niliyoyaruka. Tukakubaliana hakuna cha kuokoa. Kabla hatujafanya kitu umeme ukakatika.

Umeme ulikuwa hivyo miaka ile, wala sikushangaa. Nilikaa kibarazani na mlinzi wetu, Mgogo mmoja aliyenisalimu "Mbukwa" kila aliponiona hata tukiwa tumeachana dakika hiyo hiyo. Umeme ukarudi mchana. Nikawasha mashine, nikafungua kidirisha cheusi, mkuki mdogo ukanisubiri pale mwanzoni mwa mstari. Simu ikalia.

"Shikamoo kaka. Umeme umerudi?"

"Marahaba, mama. Umerudi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo. Kaka, salio langu dogo, tumalizie ripoti. Andika riveti, halafu herufi kubwa ya R ili ichukue na folda za ndani, halafu nukta. Basi."

Riveti ni amri ya kutupa kila kitu ambacho hujaingiza, na kurudisha mafaili kama ghala linavyoyakumbuka. R inasema shuka mpaka ndani kabisa. Nukta inasema anzia hapa nilipo. Niliandika. Kidole kiliijua nukta ilipo. Nikabonyeza.

Folda ya ripoti ilikuwa na mafaili machache tu. Nilitegemea mistari michache, kimya, kisha mkuki. Badala yake kioo kikaanza kukimbia. Sikuweza kusoma hata jina moja, lakini macho yangu yalitosha kuona wingi. Mistari ilipanda, ikapanda, ikatokea mingine chini. Nilibonyeza kila nilichojua cha kusimamisha. Mkuki ukarudi, mdogo, mpole.

Ndipo nilipoelewa. Umeme ulipokatika, mashine ilisahau kwamba nilikuwa ndani ya ripoti. Kidirisha kipya hufunguka juu kabisa, mlangoni mwa kazi nzima. Yeye alikuwa kwenye jiwe lake Kondoa akiniona kichwani nimesimama ndani ya ripoti, na mimi nilijiona nimesimama humo humo, wote wawili tunakubaliana vizuri kabisa, nami nilikuwa nimesimama kwingine. Nukta haikukosea. Ilichukua hapa nilipo.

"Kaka? Imekubali?"

Nilifungua faili la kukisia nililozoea kulifungua kwa vidole tu, nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Lilikuwa fupi. Lilikuwa lile la zamani, mwanzo tu nilioingiza kabla ya mvua.

"Kaka, mbona kimya?"

Nilimtukana. Namshukuru Mungu mtandao wa Kondoa ulikuwa mbovu, huenda hakusikia yote. Nilimwambia amenimaliza. Nilimwambia nukta zake na ujanja wake wa watoto wa siku hizi, mimi nilikuwa na njia yangu nzima, ya kizee, isiyopotea, yeye akaja kunifundisha mkato. Akauliza kwa sauti ya polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Kwani pale mwanzoni mwa mstari ilikuwa imeandikwa folda gani?"

"Hakuna kitu mwanzoni mwa mstari. Nilifuta."

"Ulifuta kwa nini, kaka?"

Sijui ni nini kilinishinda, hasira au kuchoka kubeba. Nikamwambia. "Sioni, mama. Macho yanakwisha. Sijaona vizuri tangu mwaka jana."

Nilisikia upepo kwenye simu yake. Nadhani alianza kusema pole, kisha salio likaisha, na mimi nikabaki na simu sikioni nikisikiliza kitu ambacho hakipo. Nililia pale, mtu mzima, mlinzi akachungulia mlangoni akaondoka bila kusema Mbukwa.

Mafaili mapya niliyokuwa nimeyaongeza yalibaki, amri ile haifuti kisichojulikana ghalani. Lakini yalikuwa vipande tu vya kuitwa na vingine, na vilivyoviita havikuwepo tena. Kila hesabu ya msimu wa mvua ilikuwa imekwenda. Nilimuuliza kila fundi wa kompyuta niliyemjua. Walinijibu kwa upole, na upole wa fundi ni jibu tosha. La kuvunda halina ubani.

Yule binti alirudi baada ya kumzika mama yake. Alikuja na karanga mbichi kwenye mfuko, akaziweka mezani kwangu, akavuta kiti. Huyu ndiye niliyemtukana akiwa juu ya jiwe lake, mama yake anaumwa. Nikampa pole ya msiba. Akanipa pole ya macho. Kisha akasema mimi nitasema na yeye ataandika. Kwa kuwa habari ilikuwa imeshasambaa ofisini, na yule kijana wa wateja ameanza kuongea na mimi kwa sauti ya juu kana kwamba ni masikio yaliyoharibika, nilikubali. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Alikuwa ananitangazia. Kabla ya kila amri, alinisomea njia nzima kutoka juu, folda kwa folda, kisha anauliza, "Niendelee, kaka?" Hakuweka nukta tena mbele yangu hata mara moja. Mwanzoni niliona ananikejeli. Baadaye nikaona ni heshima, na heshima ile ilinichoma kuliko kejeli.

Lakini kazi haikurudi. Watu hudhani ulichoandika mara moja unaweza kukiandika tena, kipo kichwani. Hakipo. Kulikuwa na asubuhi moja katikati ya mvua, nimeketi na chai imepoa, nikaona ghafla namna ya kuzipima pampu zinazofanana na kuzitenganisha na zile za maji ya chumvi, na nikaandika moja kwa moja mpaka adhuhuri. Nimeitafuta asubuhi ile. Naikumbuka chai, naikumbuka mvua juu ya bati, hesabu siikumbuki. Nilisema, yeye akaandika, tukajaribu, programu ikakisia ovyo. Nikasema tena. Kufika msimu wa zabibu, nilikuwa nikitazama dirisha naona mwanga tu bila dirisha, na mradi ukatuandikia kwamba wanachotaka ni orodha ya visima, huko kukisia hakumo kwenye mkataba. Walikuwa na haki. Tukakipunguza kipande changu mpaka kikabaki hesabu ndogo ya miaka ya pampu, kitu ambacho fundi yeyote anakijua kwa kuitazama kutu.

Siku ya kukiingiza ghalani nilikaa pembeni yake. Alinisomea njia, nikasema endelea. Akaniuliza yaandikwe maneno gani.

"Litaandikwa jina la nani?" nikamuuliza.

"Mashine ni yangu, itaniandika mimi. Lakini kwenye maneno nitakutaja wewe, kaka. Nitasema kazi ni yako."

"Usiniandike. Hiyo siyo niliyoifanya."

Hakubisha. Akabonyeza, nikasikia feni ya mashine. Nikamwomba anitafutie kitu kimoja, mahali pa mwisho ambapo ghala limeandika jina langu. Nilikuwa na tumaini la kijinga, kwamba pengine siku moja ya mvua niliingiza nikasahau. Alitafuta kwa muda. Nilimsikia amepata, kwa sababu aliacha kubonyeza.

"Soma," nikamwambia.

"Ni ya kabla ya mvua, kaka."

"Soma hivyo hivyo."

Akasoma jina langu lote, na la baba yangu, kama nilivyolijaza siku ya kwanza kwa ukarani wangu. Kisha akasoma maneno niliyoyaandika siku ile nikiwa bado naona kioo, siku ya mwisho ambayo ghala lile linajua kwamba niliwahi kufanya kazi:

"Nimeondoa nafasi moja iliyozidi."